Naomba ushauri: nijiunge uanachama wa vijana Lincoln Center au niendelee kukata tiketi mojamoja?

Wakuu habari zenu, hasa mliopo New York. Napenda muvi kufa mtu, sasa hawa Film at Lincoln Center, taasisi ya kuonyesha muvi hapa New York, zamani wakiitwa Film Society, wana uanachama wa vijana unaitwa New Wave, unalipia kwa mwaka unapata punguzo la tiketi, halafu tamasha lao la New York Film Festival, lile lipo tangu 1963, wanachama wanauziwa tiketi kabla ya watu wengine na hapo ndo roho yangu ilipo, maana muvi kubwa zinaisha fasta, ukichelewa unaangukia siti za mbele kabisa shingo inauma hadi kesho. Pia kuna tamasha la muvi za Afrika, lilianza 1993, huwa wanaonyesha hapohapo kwenye ukumbi wao wa Walter Reade, lile sitaki kukosa.

Ila mi naishi Bronx na zamu zangu ni za jioni, nafasi ni wikiendi tu, na kodi inanisubiri. Aliyewahi kujiunga anisaidie, inalipa kweli kwa mtu wa ratiba kama yangu? Na zile hafla za wanachama unapata watu wa kupiga nao stori za muvi au kila mtu na kundi lake? Nataka niamue kabla ya Septemba jamani.