Naombeni ushauri, namba za Kigiriki zinanichanganya

Habari zenu wadau, nipo Athens nafanya kazi za usafi na Kigiriki najifunza mwenyewe kwa simu. Kuhesabu ena, dio, tria, tessera mpaka ekato (mia) nimekariri vizuri, na kuanzia kumi na tatu ni dekatria, dekatessera, yaani kama sisi tu kumi kwanza. Shida ni kuzitumia sasa. Moja, tatu na nne zinabadilika kufuata jinsia ya kitu, euro tatu ni tria evro ila siku tatu ni tris meres, halafu mbili yenyewe wala haibadiliki, alafu ukifika mia mbili mabadiliko yanarudi tena, diakosia evro ila kwa kitu cha kike inakuwa diakosies. Najua hata sisi tunasema watoto watatu vitabu vitatu na sita haiguswi, ila hiyo tumezaliwa nayo bana.

Sokoni ndo balaa, muuza nyanya anapayuka enamisi evro, kumbe ni moja na nusu, ushamaliza kuwaza yeye kashahudumia mwingine. Na saa nayo, bosi akisema ela stis enia, yaani njoo saa tisa, kichwa changu kinakimbilia saa tisa mchana wakati anamaanisha saa tatu asubuhi.

Mliokaa huku au Cyprus, mlizoeaje? Nikariri kila namba na nomino yake, au nisikilize tu watu? Na kama kuna app nzuri ya kusikiliza bei zikitajwa kwa spidi nitajieni, kozi za kulipia kwa sasa siziwezi.