Nitampataje mnasihi wa kumwamini hapa Mbeya?

Binti wa Uyole

Habari zenu. Nina miaka 23, naishi Uyole, na nafanya uwakala wa miamala kwenye kibanda cha dada yangu pale Mwanjelwa. Baba alifariki mwaka jana mwezi wa kumi. Msibani sikulia. Nilikuwa napika, napokea wageni, naandika rambirambi kwenye daftari. Kilio kimekuja sasa, tena kinakuja vibaya. Nashtuka saa tisa usiku na usingizi haurudi mpaka nisikie daladala za kwanza barabarani. Juzi mteja kaniletea elfu kumi na tano nimwekee, mimi nikamwekea laki na nusu. Namshukuru Mungu yule baba alirudi mwenyewe kabla hata sijafunga hesabu.

Mwezi wa nne nilijikaza nikaenda kwa mtu anayetoa ushauri nasaha. Anaongea taratibu, ana cheti ukutani, nikamwamini. Nilimweleza hata lile ambalo sijawahi kumwambia mtu, kwamba siku ile ya mwisho baba alinipigia simu mara mbili, nikaiacha iite kwa sababu nilikuwa na foleni ya wateja. Kumbe anasali kanisa moja na mama. Jumapili iliyofuata tuko jikoni tunamenya viazi, mama akaniuliza bila kuinua macho: "Hivi baba yako alikupigia saa ngapi?" Kisu kilinidondoka. Mama hakunigombeza, aliendelea kumenya tu, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Sasa nataka kujaribu tena ila naogopa. Mtu unamjuaje kabla hujamwaga ya moyoni? Natamani awe mwanamke, asiwe mtu wa kwetu. Na je, nikienda hospitali nitapelekwa kwa daktari wa vichaa? Nikionekana kwenye ule mlango, kesho Mwanjelwa nzima inajua.

Kijana wa Tukuyu

Ndaga dada, pole sana kwa msiba na kwa huyo mnasihi aliyekuvunjia siri. Mimi niliamua kumtafuta mtu wa mkoa mwingine kabisa, tukawa tunaongea kwa simu, dakika hamsini kila Jumatano. Hanijui, hajui ukoo wangu, hatutakutana sokoni. Shida ilikuwa mvua. Huku kwetu ikipiga bati husikii kitu, na nyumbani siwezi kupaza sauti, kwa hiyo nikawa nakaa kwenye gari la mjomba likiwa limeegeshwa, vioo vimepandishwa.

Huyu alikuwa wa pili. Wa kwanza nilimwacha baada ya mara tatu, maana kila nikianza habari yangu ananirudisha kwenye maisha yake, jinsi alivyosota chuoni. Nilimwandikia ujumbe: "Nashukuru, lakini naona hatujaendana." Hakukasirika. Usiogope kumwacha mtu, dada.

Mzee wa Mbalizi

Binti yangu, pole. Mimi naona mambo ya msiba ni ya familia. Kaa na shangazi zako, kaa na mchungaji, mtalia pamoja yataisha. Hao wa kulipwa hawamjui marehemu.

Muuguzi, Iringa

Kamwene mwanangu. Nimefanya kazi wodini na kliniki miaka mingi, acha nikuandikie kama ninavyomwandikia binti yangu.

Kwanza, lile halikuwa kosa lako. Siri ya mteja ni ya mteja, hata kama mnasihi anasali na mama yako kila Jumapili. Alipojua kwamba anafahamiana na mama, alitakiwa akwambie palepale akuachie uamue.

Mzee wa Mbalizi, shikamoo. Shangazi ni dawa, sikatai. Ila binti huyu ana neno ambalo shangazi akilisikia litafika kwa mama kabla ya jioni. Ndiyo maana anahitaji mtu wa pembeni.

Kuhusu mlango unaouogopa: mnasihi anakaa na wewe mnaongea. Mwanasaikolojia amesomea kwa kina zaidi namna akili na hisia zinavyofanya kazi. Daktari wa afya ya akili ndiye anayeweza kukuandikia dawa, na wengi wanaomwona hawajawahi kuokota hata karatasi njiani. Ni walimu, askari, mama waliojifungua, wanafunzi. Hospitali ya Rufaa ya Kanda hapo kwenu ina huduma ya afya ya akili. Unaweza kuanzia kwa daktari wa kawaida, ukamwambia tu kwamba hulali na moyo ni mzito. Mwombe akupime na damu, maana upungufu wa damu au tezi ya shingo ikifanya kazi kivivu vinaweza kukuchosha na kukuinamisha hivyohivyo. Usishtuke ukipewa maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita. Kila swali lina alama 0 hadi 3, na jumla inamsaidia kuona uzito wa hali. Swali la tisa linauliza kama umewahi kuwaza kufa au kujidhuru. Lijibu kwa ukweli. Na kama mawazo hayo yapo hata leo, usingoje miadi: nenda mapokezi ya dharura ya hospitali yoyote, saa yoyote, na mtu mmoja unayemwamini.

Ukimpata mnasihi, usianze na simu za baba. Anza wewe kumhoji. Muulize amesomea nini, amewahi kukaa na waliofiwa? Anamfahamu nani Uyole? Kisha swali kubwa: "Siri yangu inaishia wapi?" Mnasihi mzuri hatakujibu kwamba haiishii popote. Atakwambia kwamba maisha yako au ya mtu mwingine yakiwa hatarini atalazimika kuhusisha wengine, na kwamba atakwambia wewe kwanza. Akijibu juujuu, aga uondoke.

Angalia na chumba. Mlango unafungwa? Watu wanaingia kuchukua mafaili? Simu yake anaizima? Na ukilia, anakuacha ulie au anakimbilia kukuhubiria? Nimeona wasomi wakubwa wasioweza kuvumilia dakika moja ya mtu akilia.

Binti wa Uyole

Shikamoo mama. Nimesoma maneno yako nikiwa kibandani, nikalazimika kugeuka ukutani kidogo. Hapana, kufa sijawaza. Nawaza tu zile simu.

Baba Mbalizi, nimekusikia pia, na shangazi yangu mkubwa nampenda. Ila yeye ndiye aliyemwosha baba pamoja na wazee, siwezi kumtwisha na hili.

Kaka wa Tukuyu, wazo la gari limenikaa. Sisi hatuna gari, lakini dada anafunga kibanda saa moja jioni na funguo nakaa nazo mimi. Nikishusha shata hakuna anayenisikia. Alhamisi naomba ruhusa ya asubuhi niende hospitali nipime damu kwanza. Maswali yako mama nimeyaandika nyuma ya daftari la floti, na lile la siri nimeliweka juu kabisa.