Baba analewa, watoto wanalala njaa: tuanzie wapi?

Mkazi wa Busia:
Ndugu zangu, hapa Busia, Uganda, jirani yetu ana watoto watatu ambao mara nyingi hushinda bila chakula, kwa kuwa mama yao alikwenda mjini kutafuta kazi na baba yao hunywa waragi tangu asubuhi. Majirani tunawalisha kwa zamu, lakini tunahofu kwamba tukishtaki, watoto watapelekwa kwenye kituo cha yatima. Tufanye nini?

Mwalimu mstaafu, Jinja:
Ndugu, anzeni kwa makamu mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), kwa sababu ndiye anayeshughulikia masuala ya watoto kijijini, na Sheria ya Watoto inamtaka yeyote mwenye ushahidi kwamba mzazi mwenye uwezo anakataa kumtunza mtoto kulipeleka jambo hilo kwenye baraza. Akishindwa, mwoneni afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya. Watoto wakipigwa, msingoje kikao cha baraza: pigeni 116, simu ya msaada kwa watoto, ambayo haitozi malipo.

Mama Arua:
Nakubaliana na Mwalimu, ila mtafuteni pia shangazi au bibi wa watoto mapema, maana kituo kinapaswa kuwa njia ya mwisho. Kikundi chetu cha akiba kina mfuko wa jamii ambao tumeutumia kununua madaftari na sabuni kwa mtoto wa namna hiyo. Fedha msimkabidhi baba (samahani kwa ukali), bali nunueni vitu vyenyewe.

Mkazi wa Busia:
Asanteni. Shangazi yupo Tororo. Tutamwita kabla ya kikao.