Daktari wa mtoto kaniuliza kama nina bunduki nyumbani. Inamhusu nini?

Mwana_Pongwe (Houston)
Wakuu, jana nimempeleka kijana wangu wa miaka minne kwenye ukaguzi wake wa kila mwaka. Daktari kapima urefu, kachungulia masikio, kaanza maswali. Anakaa kwenye kiti chake cha gari? Kuna bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba? Nikajibu vizuri tu. Halafu, bila hata kuinua macho kwenye kompyuta: "Kuna silaha ndani ya nyumba?" Nikamwambia dokta, wewe angalia mafua, ya chumbani kwangu niachie mwenyewe.

Najua inakotoka. Juni 2024 mganga mkuu wa Marekani wa wakati ule, Vivek Murthy, alitoa waraka kwamba risasi ni janga la afya ya jamii. Akaingia Trump, Machi 2025 waraka ukafutwa kwenye tovuti ya wizara. Kwa hiyo hata wenyewe hawajakubaliana. Swali langu: bunduki ni ugonjwa? Ina kirusi? Hawa watafiti wameishiwa magonjwa mpaka waje kwenye bastola yangu kabatini? Tujadili bila matusi.

Dada_wa_Zamu (Minneapolis)
Hilo la "wameishiwa magonjwa" ndilo limenichoma, kwa hiyo naanza nalo. Mimi nalea wazee majumbani kwao, mwaka wa tisa huu. Kuna babu mmoja kumbukumbu zilishamtoka, jioni ananiita kwa jina la dada yake marehemu. Siku moja natafuta betri za kifaa chake cha masikio, navuta droo ya kando ya kitanda: miwani, meno ya bandia kwenye kikombe, rozari, bastola. Ina risasi. Na usiku wa jana yake babu huyo huyo alikuwa amenifokea, "Wewe nani umeingia kwangu?" Nikairudisha ile droo taratibu kama mtu anayemfunika nyoka.

Kampuni iliyonipeleka pale ilikuwa na fomu ya kurasa kumi na mbili. Mzio wa karanga, upo. Mbwa mkali, yupo. Bunduki, hakuna hata pa kuandika. Sasa niambie kaka, ilikuwa imhusu nani kuuliza?

Na kirusi unachokitafuta, gari linacho? Mbona mkanda unafunga bila kubisha. Mwaka 2021 watu zaidi ya 48,000 walikufa kwa risasi nchi hii, na zaidi ya nusu hawakuuawa na jambazi yeyote, walijiua wenyewe. Hilo lisipokuwa suala la afya, sijui afya ni nini.

Kijiti_Kikavu (Arusha)
Dada pole kwa ya droo. Ila hizo za kujiua usituhesabie sisi. Kujiua ni mambo ya Wazungu, wana muda mwingi na paka wengi. Mwafrika anakula ugali na dagaa wake, analala, asubuhi anaamka na shida zake palepale. Tuongelee majambazi.

Msee_wa_Thika
Ati Wazungu? Ndugu, kwani wewe huendi mazishi? Huko kwenu mtu akifa "ghafla" na familia haitaki maswali, huwa mnadhani ni nini?

Kijiti_Kikavu
Huwa ni presha. Acha kutuchafua.

Mama_Magu (Mwanza)
Kijiti, sikutaka kuchangia lakini umenigusa pabaya. Baba yangu mdogo, mwaka ambao pamba ilikosa bei na ushirika ukakaa na hela za wakulima, alikunywa dawa ya kupulizia pamba. Alipona. Unajua kwa nini? Ile dawa ilikuwa imechakachuliwa. Muuzaji wa pale senta alikuwa anaongeza maji kwenye chupa. Wakamhangaikia hospitali siku nne. Leo ni mzee wa kanisa, ana wajukuu sita, na mahari yangu ni yeye aliyekaa mkekani kuijadili. Hajawahi kurudia. Huyo naye ni Mzungu?

Kijiti_Kikavu
Mama, huyo alirogwa. Mtu mwenye akili timamu hafanyi hivyo.

Mama_Magu
Koma. Koma kabisa. Umeniita mama halafu unamtukana aliyenilea.

Chumvi_Kidogo
Mimi nimebaki kwa yule muuzaji. Kwa hiyo mchakachuaji ameokoa maisha? Tumpe nishani?

Mkulima_Halisi (Simiyu)
Nishani ya nini? Hao ndio waliotufilisi! Mimi mwaka juzi nimepulizia ekari tatu mara nne, funza wanakula huku wananiangalia usoni. Nimerudi dukani, jamaa ananiambia nimechanganya vibaya. Mtu anayeuza maji kwa bei ya dawa ni mwizi, hata kama ameokoa kijiji kizima.

Chumvi_Kidogo
Sijasema si mwizi. Nimesema ni mwizi mwenye thawabu.

Mkulima_Halisi
Thawabu ale yeye na watoto wake. Hasara ya ekari tatu tunakula sisi.

Dada_wa_Zamu
Jamani, mnacheka lakini mmefika mlangoni kwenyewe. Sri Lanka walikuwa na tatizo hilo la mashambani. Miaka ya 80 na 90 serikali ikaanza kuziondoa sokoni dawa kali kupita zote, moja baada ya nyingine. Madeni ya wakulima hayakufutwa, ndoa hazikutengemaa, mvua haikuongezeka. Lakini vifo vya kujiua vilishuka sana mfululizo, kwa sababu mtu alikuwa anapata nafasi ya kufikishwa hospitali kama baba mdogo wa Mama Magu. Na wengi mno wanaonusurika hawaji kufa kwa njia hiyo tena, mtafiti yeyote wa jambo hili atakwambia. Ile saa mbaya inapita. Bunduki haimpi mtu muda wa hiyo saa kupita.

Jeshi la Israel mwaka 2006 liliwaambia vijana wao wakienda nyumbani wikendi waache bunduki kambini. Hilo tu. Waliojiua wakapungua kwa asilimia 40 hivi. Hapakuwa na mahubiri.

Mwana_Pongwe
Samahani, mada ni bunduki yangu, si pamba. Kwa mantiki yenu tupige marufuku kamba, madaraja na maghorofa. Na huo utafiti mnaousifia, ule mkubwa wa mwaka 1993 kuhusu kuwa na bunduki nyumbani, ulikuwa na matundu ndiyo maana Clinton akaufungia.

Mwalimu_Mstaafu (Unguja)
Bwana mdogo, kwanza bastola si bunduki. Bunduki ina mtutu mrefu. Ulichonacho kabatini ni bastola, na kichwa cha mada kirekebishwe.

Pili, Clinton hakufungia kitu. Utafiti ni wa Arthur Kellermann na wenzake, uliosema nyumba yenye silaha hatari ya mtu kuuawa humo inakaribia mara tatu ya nyumba isiyokuwa nayo. Chama cha wenye bunduki, NRA, kikaja juu. Mwaka 1996 Bunge, kupitia mbunge wa Arkansas aitwaye Jay Dickey, likaweka kifungu kwamba fedha za CDC, taasisi ya serikali ya kudhibiti magonjwa, zisitumike kuhamasisha udhibiti wa bunduki. Kifungu hakikusema "msitafiti". Lakini Bunge hilohilo likakata dola milioni 2.6 kwenye bajeti ya CDC, kiasi kilekile ilichokuwa imetumia mwaka uliotangulia kwa utafiti wa majeraha ya bunduki. Ukimwambia mtoto "sijakukataza kula" huku umeondoa sahani, amekuelewa.

Mwana_Pongwe
Shikamoo mwalimu. Nakubali la Clinton. La bastola sikubali, hapa Texas wote tunaita bunduki. Lakini matundu yapo: mtu ananunua silaha kwa sababu mtaa wake tayari ni mbaya, au ana ugomvi na mtu. Halafu akiuawa mnasema silaha ndiyo imemletea. Ni sawa na kusema mwavuli unaleta mvua.

Mwalimu_Mstaafu
Marahaba. Hoja yako ya mwavuli ni nzuri, na ndiyo sababu ya kutafiti zaidi. Huzimi taa kwa kuwa haiangazi pembe zote. Huyo Dickey mwenyewe mwaka 2012 aligeuka, akaandika gazetini pamoja na Mark Rosenberg, mtu wa CDC aliyekuwa akipigana naye, wakitaka utafiti urudi. Fedha zilirudi bajeti ya 2020, dola milioni 25. Karibu robo karne watu wamekisia tu.

Furaha_wa_Bukavu (Kentucky)
Nawasoma tangu asubuhi. Sisi tulikimbia bunduki, hatukuisoma kitabuni. Kwetu yenye kuua ilikuwa na magwanda, haikuwa ndani ya droo. Nilipofika hapa, jirani akanikaribisha na keki, kisha akanionyesha bunduki zake kama mtu anavyoonyesha mbuzi wake. Nilikosa usingizi siku tatu. Sasa mwanangu wa miaka kumi anakwenda kucheza kwao. Niulize, au nitaonekana sina adabu? Mnabishana daktari ana haki ya kuuliza. Mimi naomba tu mtu mwingine aulize, si mimi mgeni.

Msee_wa_Thika
Uliza tu, dada. Mwenye keki atakasirika siku mbili.

Kijiti_Kikavu
Au asimpeleke mtoto. Kwani lazima?

Furaha_wa_Bukavu
Wewe haujaishi apatimenti ya vyumba viwili na watoto wanne wakati wa theluji.

Jirani_Mwema (Chicago)
Mnaongea sana mambo ya kabatini. Huku kwetu ni barabarani. Kuna daktari wa huku, Gary Slutkin, alikuwa Somalia miaka ya 80 akipambana na kifua kikuu na kipindupindu kwenye kambi za wakimbizi. Aliporudi akasema mauaji yanasambaa kama kipindupindu, mmoja anamwambukiza mwenzake kisasi. Mwaka 2000 akaanza kuwatuma mtaani watu waliotoka jela, wanaoheshimika na vijana, wakae na aliyefiwa na ndugu kabla hajaenda kulipiza. Nilikuwa nadharau. Mpwa wangu alikaliwa hivyo usiku kucha mezani, kikombe cha chai kikapoa, kikapashwa moto, kikapoa. Asubuhi akalala. Watafiti wenyewe wanasema mtaa huu ilifanya kazi, mtaa ule haikufanya. Mimi najua meza moja.

Mwana_Pongwe
Hiyo naikubali, hakuna aliyeingia chumbani kwa mtu. Mimi shida yangu ni serikali kunihesabia. Florida walitunga sheria 2011 ya kuwazuia madaktari kuuliza. Kuna hekima pale.

Mwalimu_Mstaafu
Na 2017 mahakama ya rufani ikaipiga chini sehemu hiyo, kwa hoja ya uhuru wa kusema. Daktari naye ana mdomo na katiba yake. Kuuliza anauliza. Kujibu hulazimishwi.

Dada_wa_Zamu
Mleta mada, tuache katiba. Ipo wapi?

Mwana_Pongwe
Ipo salama.

Dada_wa_Zamu
Salama wapi?

Mwana_Pongwe
Juu ya kabati, kwenye boksi la viatu. Mtoto hafiki.

Mama_Magu
Miaka minne hafiki juu ya kabati? Wangu alishusha asali kwenye rafu ya juu kwa ndoo mbili na kigoda.

Msee_wa_Thika
Boksi la viatu! Kaka umebishana na Bunge la Marekani na kufuli huna.

Chumvi_Kidogo
Viatu vyenyewe viko wapi?

Mwana_Pongwe
Mmeshaanza. Nimesema tujadili hoja. Nchi hii ukisikia kishindo sebuleni saa nane usiku, hutaki kutafuta ufunguo gizani. Ninyi mliopo Mwanza mna mlinzi na mbwa.

Mama_Magu
Mlinzi wangu analala kuliko mimi.

Dada_wa_Zamu
Yapo masanduku madogo ya namba, yanafunguka kwa kupapasa tu. Usiweke mwaka wa kuzaliwa wa mtoto. Wanaujua.

Kijiti_Kikavu
Mimi naona hamjajibu swali. Bunduki ni ugonjwa au si ugonjwa?

Mkulima_Halisi
Na mimi hamjanijibu. Dawa ya funza ya kweli inauzwa wapi Simiyu?

Mwana_Pongwe
Nafunga kwa leo. Msimamo wangu uko palepale, daktari hakunitendea haki. Boksi nimelishusha, si kwa sababu yenu, ni kwa sababu shemeji yenu amesoma uzi huu wote na nalala sebuleni.

Mwalimu_Mstaafu
Umelishusha, sawa. Umeliweka wapi?