Re: Naombwa kudhamini mkopo wa chuo wa mtoto wa dada

> Wandugu, habari za huko mliko. Mtoto wa dada yangu amepata chuo hapa Ohio, Marekani. Ana Green Card. Baada ya ufadhili wa chuo bado anapungukiwa dola 14,000 kwa mwaka, na benki inataka mtu mwenye krediti nzuri (rekodi ya kulipa madeni) asaini naye. Macho yote yamenigeukia mimi. Sisi wenyewe tunataka kununua nyumba mwakani. Mnanishaurije?

Dada, shikamoo.

Kabla hujashika kalamu, uliza: kijana amejaza FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu? Watu wetu wengi wanairuka wakidhani ni ya raia peke yao, halafu wanakimbilia benki. Mwenye Green Card, mkimbizi na aliyepewa hifadhi wanaruhusiwa. Anayefungiwa mlango ni mwenye viza ya F-1, ya mwanafunzi wa kigeni. Mwaka wa kwanza serikali kuu inamkopesha hadi dola 5,500, haimwulizi krediti wala mdhamini. Kuna na hili ambalo halisemwi sana: mama yake akiomba Parent PLUS, mkopo wa serikali kwa wazazi, akakataliwa kwa krediti mbaya, kijana anaweza kuongezewa dola 4,000 kwa jina lake mwenyewe. Yaani kukataliwa huko kuna neema yake! Pengo lako limeshuka hadi 4,500, na hapo sasa ndipo mkopo wa benki unapoweza kuingia, ikibidi.

Kuhusu sahihi. Usidhani unaithibitishia benki tabia ya kijana. Deni linaingia kwenye rekodi yako kama umelikopa wewe, na mkienda kuomba mkopo wa nyumba linaweza kuhesabiwa hata kama yeye analipa vizuri. Akizembea, mnachafuka wote wawili na benki inakudai wewe. Ningekuwa wewe, ningenunua nyumba kwanza.

Ukiamua kumbeba, angalia riba. Mfano, dola 10,000 kwa asilimia 12 kwa mwaka zinazaa dola 100 kila mwezi tangu siku pesa inapotoka. Asipolipa kitu miaka minne ya masomo, riba ni 4,800, nayo ikijumlishwa kwenye deni anaanza kutozwa riba juu ya 14,800. Hiyo mia moja ailipe mwenyewe kwa kibarua cha maktaba. Chukua riba isiyobadilika, hata kama ile inayobadilika inaanza chini. Na uulize mdhamini anaachiliwa baada ya malipo mangapi. Wakijibu kwa kuzungukazunguka, hama.

Mkopo wa serikali unaweza kulipwa kwa kadiri ya kipato. Benki hailazimiki kumpa nafuu hiyo, na tangu sheria ya 2005 hata kufilisika mahakamani hakuufuti mkopo wa benki kirahisi. Mkishakubaliwa mna siku 30 za kufikiri, kwa hiyo asikuharakishe mtu.

—

Naongezea kidogo. Chuo nacho kinaombeka. Kama kipato cha mama kimeshuka, mwandikieni ofisi ya misaada ya fedha, mkiambatisha barua ya mwajiri. Tena miaka miwili ya mwanzo angeweza kuisoma kwenye chuo cha jamii (community college, chuo cha umma cha gharama nafuu) akiwa analala nyumbani, ila hakikisheni masomo yatapokelewa anakohamia. Najua mama mtu atanuna.

—

Marahaba mdogo wangu, na ahsanteni wote. Nimempigia dada. FAFSA hawajaigusa, na kuhusu chuo cha jamii amenuna kweli. Jumamosi tunakaa na karatasi zake za kodi. Benki nimeiambia isubiri.