Kitabu kimoja tu cha picha: Keïta, Sidibé au Cartier-Bresson?

Lenzi_Fuoni
Assalaam aleykum. Nina mtu wangu anarudi kutoka Ufaransa mwisho wa mwezi, amekubali kunibebea kitabu kimoja tu, mzigo wake umeshajaa. Nimebaki na majina matatu ya wapiga picha: Seydou Keïta na Malick Sidibé, wote wa Mali, na Mfaransa Henri Cartier-Bresson. Nataka kitabu cha kukaa nacho miaka. Nichukue cha nani? Anataka jibu Ijumaa.

Mtu_wa_Wete
Waaleykum salaam. Hujasema unapiga picha za nini. Harusi, watalii au mitaani? Kamera au simu? Taa unayo? Bila ya hayo tutabahatisha tu.

Shangani_2
Cartier-Bresson, hata usijiulize. Kamera ndogo ya Leica, lenzi ya milimita 50, basi. Na kuna jambo lake linatugusa sisi. Alikuwa amesomea uchoraji, lakini picha iliyomwasha moto ni ya mpiga picha mwenzake, Martin Munkácsi: vijana watatu weusi wametupa mgongo, wanakimbilia majini, povu limewapanda miguuni. Inajulikana kama picha ya Ziwa Tanganyika. Nenda Forodhani saa kumi na moja jioni uwatazame vijana wa makachu wanavyojirusha baharini, kisha uniambie kama huioni picha ile.

Lenzi_Fuoni
Samahani, nilisahau. Harusi zaidi, na picha za familia majumbani. Kamera ya kuazima, lenzi moja. Taa sina.

Bi_Hina
Sasa umesema. Kama taa huna, Keïta. Alifungua studio Bamako 1948, akipiga sana kwa mwanga wa jua, na mara nyingi mteja mmoja picha moja, maana filamu ilikuwa ghali. Kwa hiyo kazi yote aliimaliza kabla ya kubonyeza: mkono ukae wapi, kidevu kielekee wapi, nguo ianguke vipi. Sisi tunapiga mia mbili halafu tunatafuta.

Lakini nikwambie yaliyonikuta. Mwaka juzi nilimpiga picha biharusi mmoja Mwanakwerekwe. Siku hizo nilikuwa nimezama kwa Keïta, zile picha za mwanamke aliyevaa maua mbele ya shuka la maua, na bado uso ndio unaouona mwanzo. Nikasema nami nitafanya hivyo kwa kanga. Nikaenda Darajani nikachagua moja nyekundu, ya korosho, nikaitundika uani kwa vibanio. Biharusi nikamkalisha kwenye kigoda, hina ya miguuni haijakauka. Jua la alasiri lilikuwa linapiga ukuta wa jirani mweupe na kurudi kwake taratibu. Sijawahi kupata mwanga kama ule.

Jina la kanga sikulisoma. Picha zilipofika, mawifi ndio walioziona mwanzo. Juu ya kichwa cha biharusi, kwa herufi kubwa: HASIDI HANA SABABU. Wakaona wametupiwa kijembe siku ya harusi ya kaka yao. Mama yake biharusi alinipigia usiku analia. Wiki nzima nyumba mbili hazisemezani, nami nakwenda huku na huku kuomba radhi, nawaeleza habari za mtu wa Bamako wasiyemjua. Picha zote nilizifuta mbele yao, pamoja na ile moja ambayo mpaka leo naiona nikifumba macho.

Mtu_wa_Wete
Pole sana dada. Lakini maandishi si ungeyafuta tu kwenye kompyuta?

Bi_Hina
Yalipita nyuma ya ushungi wake mwepesi, kaka. Na maneno yakishasomwa yameshasomwa.

Baraza_Malindi
Vijana, mnamtafuta mwalimu Ufaransa naye yupo Barabara ya Kenyatta. Capital Art Studio ilianzishwa na Ranchhod Oza 1930, na yeye alijifunza kwa Gomes, Mgoa aliyekuwa na studio hapa Unguja tangu karne ya 19. Ingia utazame ukutani: majahazi, vichochoro vya Mji Mkongwe, wakubwa wa kasri na watu wa kawaida. Huhitaji mtu wa kukubebea mzigo.

Shangani_2
Mzee wangu, shikamoo. Oza namheshimu, lakini mtu kauliza kitabu. Na anayepiga picha za hapa akitazama picha za hapa tu, atarudia milango na majahazi maisha yake yote.

Baraza_Malindi
Marahaba. Milango na majahazi hurudiwa na wale wasiotazama watu waliosimama pembeni. Oza aliwatazama.

Bi_Hina
Na huyo Cartier-Bresson wa kumvizia mtu njiani, kwetu mwanamke akiona hujamuomba ruhusa, picha huna na heshima huna.

Makunduchi_Kwetu
Mbona Sidibé hana mtetezi? Huyo ndiye wa harusi! Jumamosi usiku alizunguka Bamako kutoka sherehe moja hadi nyingine, akirudi studio anasafisha picha mpaka asubuhi, wacheza dansi wanakuja kujichagua. Kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice walimpa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake yote, 2007, na kabla yake hakuna mpiga picha aliyewahi kupewa tuzo hiyo ya maisha. Tazama watu wake wanavyocheka. Biharusi zetu mnawapiga wamenuna kama wako mahakamani.

Bi_Hina
Biharusi wa Unguja hacheki, mwanangu. Ni haya, si kununa.

Makunduchi_Kwetu
Na mashoga zake nao wana haya? Nenda rusharoho uwaone.

Mtu_wa_Wete
Sidibé usiku alitumia flashi. Lenzi_Fuoni kasema taa hana.

Lenzi_Fuoni
Nashukuru nyote. Nimemuomba mtu wangu anisubiri mpaka Jumapili, na Jumamosi nitapita Shangani nitazame za Oza. Bi Hina, kuna kanga isiyo na jina? Nina harusi Fuoni wiki ijayo.

Bi_Hina
Tafuta kisutu cha kizamani, kile chekundu, cheusi na cheupe. Hakina maandishi, na ndicho cha biharusi. Lakini kikunjue chote dukani, upande hadi upande, kabla hujalipa.