Naomba ushauri: kujitolea kwenye makao ya watoto Ujerumani

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa waliofanya FSJ (mwaka wa kujitolea kijamii) au BFD (huduma ya kujitolea ya serikali kuu) kwenye makao ya watoto Ujerumani.

Masharti ya msingi nayafahamu: FSJ ni kwa ambaye hajatimiza miaka 27, BFD haina ukomo wa umri, na mkataba unasainiwa kwanza ndipo unaomba viza.

Kinachonikwamisha ni chanjo ya surua. Tangu Machi 2020 sheria yao inamtaka kila anayefanya kazi kwenye makao hayo, kama amezaliwa baada ya 1970, aoneshe dozi mbili au kipimo cha damu kinachothibitisha kinga. Kadi zetu nyingi za kliniki zina dozi moja tu, ya miezi tisa. Ya pili Tanzania iliingia kwenye ratiba mwaka 2014. Kwa mtu mzima dozi mbili hupishana wiki nne, kwa hiyo ukisubiri viza itoke ndipo uanze, umechelewa. Kwa Dar mtu mzima anachanjwa wapi? Na wanataka kitabu cha njano cha chanjo cha kimataifa au karatasi ya hospitali inatosha?

La pili ndilo linaloniumiza kichwa zaidi. Wengi wa watoto wale wameshatenganishwa na wazazi, nawe unaondoka baada ya mwaka. Mtoto akishazoea kwamba ni wewe unayemsomea kitabu na kumlaza, unaanza lini kumwambia utaondoka? Na ukipangwa zamu ya usiku peke yako, ilhali anayejitolea ni msaidizi tu, si mbadala wa mlezi aliyeajiriwa, unakataaje bila kuharibu uhusiano?